Nzembi na Maji ya Uvunguni

Siku Nzembi alipoinua ubao wa jikoni akaona maji yametanda chini ya nyumba yake, kitu cha kwanza alichofanya ni kumshukuru Mungu. Cha pili, alikwenda kuchukua ndoo. Tusimcheke bado. Nafasi ya kumcheka itakuja, na mwenyewe ndiye atakayeanza.

Mwanamke huyu alizaliwa Kathonzweni, kule Makueni, ambako maji hufuatwa. Hayakujii. Unaamka, unamtandika punda, unakwenda mtoni, na mto wenyewe ni mchanga mtupu. Unafukua mchanga mpaka shimo likufike kiunoni, unangoja maji yajikusanye, unayachota kidogo kidogo kwa kibuyu huku wenzako waliopanga foleni wakikugunia. Mtu aliyekulia hivyo hawezi kuyaona maji akafikiri ameona balaa. Kwa Nzembi, balaa lilikuwa ni chombo kitupu.

Tena alikuwa hodari wa mwethya, vile vikundi vya kina mama vinavyokwenda leo shamba la huyu na kesho la yule, wakiimba na kuchimba. Mitaro yao ina jina ambalo kila mtoto wa huko hulijua kabla hajalijua jina la babu yake: fanya juu. Unachimba mtaro ukiukata mteremko, na udongo unautupa upande wa juu mpaka unakuwa tuta. Mvua ikinyesha, maji yanateremka mbio, yanaligonga tuta, yanasimama hapo kama mtoto aliyekemewa, na mahindi yanakunywa. Nzembi alikuwa anarusha udongo juu bila hata kuutazama unakoangukia, na tuta lake halikuwahi kubomoka. Wanaume waliokuja kumposa waliambiwa habari za matuta yake kabla ya kuambiwa kama anajua kupika.

Aliyempata ni Mulinge, kijana wa kijiji cha pili, aliyekuwa na kazi katika kiwanda cha saruji Athi River. Waliishi huko miaka mingi katika chumba kimoja cha kupanga, wao na binti yao Evalyne, chini ya mwenye nyumba ambaye alikuwa na tabia ya kusimama dirishani asikilize kama wapangaji wanafua kwa maji mengi. Nzembi alichoka na mtu huyo. Alichoka kuomba ruhusa ya kupiga msumari ukutani. Alichoka mpaka siku moja ya kiangazi, katikati ya miaka ya tisini, akaenda Kitengela kutazama ploti ya mzee mmoja Mmaasai aitwaye Katoo.

"Takwenya!" mzee alimwamkia.

"Iko!" Nzembi akaitikia, kwa sababu hilo alikuwa amejifunza njiani.

Udongo pale ulikuwa mweusi, umepasuka nyufa ambazo kuku angeweza kupotezea mguu. Katoo alielekeza fimbo yake chini akausema ukweli wote bila kuficha.

"Mama, hapa ni kuzuri. Hapa maji inakaa."

Mnunuzi mwingine angegeuza njia. Nzembi alisikia kama anasomewa habari za mbinguni.

"Inakaa sana?"

"Inakaa mpaka ng'ombe inasahau mto."

Alikubali palepale, mzee asije akabadilisha nia. Na kwa haki, Katoo hakumdanganya hata kidogo. Mfugaji na mkulima, wote watu wa nchi kavu, walikuwa wameelewana kabisa kwamba mahali maji yanapokaa ni mahali pa heri. Hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba nyumba nayo ingetaka kukaa hapohapo.

Nyumba yenyewe ilijengwa kwa mbao na mabati. Fundi aliisimamisha juu ya nguzo fupi za mawe, maana udongo ule ukilowa huvimba na ukikauka hunywea, akaacha chini ya sakafu uvungu wa kumtosha mtu kupita akitambaa. Kisha akauzungushia ukuta mdogo wa mawe ili mbwa wasije wakazalia humo. Mulinge aliitazama akasema ni kibanda kilichovaa sakafu. Nzembi aliipenda nyumba ile mpaka akawa anaona haya. Asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, alikuwa anaupapasa mlango kwa kiganja, kwa sababu tu ulikuwa mlango wake na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Halafu, mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba, ikaja mvua ya El Nino.

Ilinyesha kama vile mtu amefungua bomba akasafiri. Barabara za Kitengela zikawa uji, viatu vikawa vinabaki nyuma miguu ikiendelea na safari. Ndipo Nzembi alipoinua ubao ule wa jikoni, akayaona maji yametulia gizani, akamshukuru Mungu. Wenzake walikuwa wanapanga foleni kwenye kibanda cha maji na mitungi yao. Yeye alikuwa anainama jikoni kwake, anachota, anafua, anapiga deki. Alitamba, tuseme tu ukweli. Alimwambia kila mtu kanisani kwamba yeye ni mwanamke aliyejaliwa kisima ndani ya nyumba, na walioalikwa kuja kukiona walikuja.

Jirani yake Caren ndiye ambaye hakufurahi. Caren, mama wa Sheryl na mke wa karani mmoja aliyeitwa Makokha, alikuwa mtu wa Budalang'i, karibu na ziwa, na huko kwao mto huja nyumbani bila kualikwa. Mara mbili alikuwa ameuona ukibeba nyumba ya mama yake, kuku, viti na godoro. Alipochungulia kwenye tundu la sakafu alirudi nyuma hatua tatu akashika kifua.

"Mama Evalyne! Haya maji umeyafanya nini?"

"Sijayafanya kitu. Yamekuja yenyewe."

"Ndiyo hiyo! Yakikuja yenyewe si ya kuchekea! Hii si mgeni, usiiwekee kiti!"

Nzembi alicheka. Akasema moyoni kwamba watu wa ziwani wamedekezwa.

Lakini baada ya Krismasi kicheko kilianza kupungua. Kwanza walikuja vyura. Waliingia wachache, wakaita jamaa zao, na kikundi cha maombi kilipokutana kwake siku ya Jumatano, vyura walikuwa wanaitikia amina kabla ya waumini. Wakafuata mbu. Ikafuata harufu, ile ya kitu kilichosahauliwa ndani ya sufuria. Mbao za sakafu zikavimba migongo, mlango aliokuwa akiupapasa ukakataa kufungika, na siku moja Nzembi aliweka yai juu ya meza, likaondoka taratibu kuelekea chumba cha kulala. Upande mmoja wa nyumba ulikuwa unazama.

Mulinge alilitazama yai lile likivuka meza. Alikuwa mtu wa maneno machache na huwa anayatoa yakiwa yameiva.

"Mama Evalyne, mimi ni mtu ya Makueni. Nikikufa maji, watu watacheka kwa matanga yangu."

"Hakuna mtu anakufa."

"Pasaka ikifika na hii maji iko hapa, tunang'oa mbao, tunauza, tunarudi Athi River. Niko na mtu ameniambia kuna chumba."

Chumba. Nzembi alimwona moyoni yule mwenye nyumba wa Athi River amesimama dirishani. Aliogopa, na alikuwa mwanamke asiyeogopa kwa urahisi. Asubuhi yake alikunja rinda, akatoa mbao za jikoni, akashuka uvunguni na ndoo.

Basi akayatoa maji. Lakini mtazame anavyoyatoa. Alijaza pipa. Alijaza mitungi yote, mabeseni, sufuria kubwa na ndogo, karai la kuchanganyia simiti, birika. Vyombo vilipokwisha akaanza kuwagawia majirani, na majirani, ambao sasa walikuwa na maji hadi kwenye viatu, wakaanza kujifungia akipita. Caren alipokuja kusaidia, alichukua ndoo ya kwanza akaimwaga barabarani kwa nguvu, na Nzembi alipiga ukelele kama mtu aliyemwagiwa maziwa ya mtoto.

"Wee! Mama Sheryl! Unamwaga!"

"Sasa nikunywe?"

"Si ungeweka tu mahali!"

"Mahali wapi? Umejaza mpaka birika! Leo utapika chai ya vyura!"

Ilibidi Caren akae chini juu ya ngazi amweleze kama anayemweleza mtoto. Maji hayatolewi kwa ndoo, alisema, kwa sababu ukitoa moja, mvua inarudisha mbili. Maji unayapa njia, yanaondoka kwa miguu yao. Akachukua mtaimbo, akaenda upande wa chini wa nyumba, akang'oa mawe mawili ya ukuta wa uvungu, na maji yakatoka yakaenea uani.

"Sasa hapo chini uchimbe mtaro," Caren alisema, akionyesha kwa mtaimbo. "Kutoka kona hii mpaka ile, halafu uelekee huko chini kwa shamba ya mzee Katoo. Maji itaingia kwa mtaro iende zake. Unajua kuchimba?"

Nzembi alimtazama kwa huruma. Kuulizwa yeye kama anajua kuchimba!

Bahati mbaya, siku hiyohiyo Caren alipata habari za msiba nyumbani, akaondoka kwenda Budalang'i. Nzembi akabaki na jembe, na mvua ikapumzika kidogo, kana kwamba nayo ilitaka kutazama.

Alichimba kama enzi za usichana wake. Alivuta kamba kutoka kona hadi kona, akaanza upande wa chini wa nyumba, akiimba. Mikono ilikuwa haijasahau kitu. Jembe linaingia, udongo unapanda, jembe linaingia, udongo unapanda. Watu waliokuwa wanapita walisimama kumtazama. Mtaro ulinyooka, kingo zake zikakatika vizuri, na zile ncha mbili akazikunja kuelekea juu, kama inavyotakiwa. Mulinge aliporudi kutoka kiwandani alisimama akausoma mtaro wote kwa macho, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi uso wake ukalegea. Alivua viatu vya kazi, akapanda juu ya tuta, akalikanyagakanyaga lishikane.

"Hiyo ndiyo kazi," alisema. "Hiyo haitoki."

Maneno ya kweli kabisa.

Mvua ilirudi na hasira zake zote. Asubuhi yake Nzembi aliamka mapema, akajifunga leso, akatoka na mwavuli kwenda kuutazama mtaro wake ukibeba maji. Akafika. Akainama. Mtaro ulikuwa mkavu. Si mkavu wa kusema una unyevu kidogo. Ungeweza kulaza mtoto ndani. Akageuka kutazama nyumba, na hapo ndipo alipoliona ziwa. Kuanzia kwenye tuta hadi mlangoni, maji matupu, yametulia, yameshikwa vizuri. Uvungu ulikuwa umejaa mpaka vyura wamehamia ngazi.

Alisimama hapo, maji yakimwingia kwenye viatu, akijaribu kuelewa. Tuta. Udongo alikuwa ameutupa juu, upande wa nyumba. Kila jembe. Alikuwa amejenga ukuta katikati ya maji na njia yake, kwa ustadi wote aliofundishwa na mama yake, na mume wake akaja akaukanyagia usivuje. Hakuna mtu wa kabila lingine Kitengela nzima ambaye angeweza kulifanya kosa hilo vizuri namna ile.

Alianza kucheka. Alicheka peke yake chini ya mwavuli mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka katikati akajikuta analia, kwa sababu Pasaka ilikuwa wiki ijayo na nyumba yake ilikuwa inazama kwa mikono yake mwenyewe.

Caren alirudi kutoka msibani akamkuta katika hali hiyo. Alizunguka ziwa, akauchungulia mtaro, akalitazama tuta, akarudi kuutazama mtaro.

"Mama Evalyne, hii inaitwa nini?"

"Fanya juu," Nzembi alisema kwa sauti ndogo.

"Fanya juu." Caren alikaza midomo asicheke, ikashindikana. "Sasa si ungefanya chini!"

Walicheka wote wawili wakishikana mabega. Walipotulia, Caren alifuta macho akasema dawa ni moja tu: kulikata tuta pale katikati, na kuuendeleza mtaro hadi shambani kwa Katoo. Nzembi akasema sawa. Lakini huwezi kumwelekezea mtu maji bila kumwambia, kwa hiyo walimwendea mzee, aliyekuwa amejikinga mvua na ndama wake chini ya mabati.

"Mzee, nimekuja kuomba ruhusa," Nzembi alisema. "Nataka kuleta maji kwa shamba yako."

Katoo aliegemea fimbo yake. "Unaomba ruhusa ya kuniletea maji?"

"Ndiyo."

"Na utaomba nini kesho? Ruhusa ya kunipa ng'ombe?" Aliwageukia ndama wake kana kwamba wao ni mashahidi. "Lete, mama. Lete yote."

Mtaro mpya ulichimbwa, na mara hii Caren alisimama ng'ambo, kila Nzembi alipoinua udongo anaita, "Chini! Chini, Mama Evalyne!" kama mtu anayemfundisha ng'ombe kulima. Likabaki tuta. Nzembi alinyanyua jembe, akalishusha bila kupiga. Akanyanyua tena. Mkono ulikataa. Kwao, mwanamke ambaye tuta lake limebomoka huimbwa kwa dhihaka msimu mzima, na yeye hakuwahi kuimbwa. Sasa alitakiwa alibomoe mwenyewe, mchana kweupe, na nyuma yake yamejaa maji mazuri ambayo hakuna punda aliyeyabeba.

"Nikusaidie?" Caren aliuliza.

"Hapana. Ni yangu."

Alifumba macho akapiga. Udongo ulinyanyuka, ukateleza, na maji yakapata mahali pa kuchungulia. Halafu yakapata mahali pa kupita. Halafu yakaondoka yote kwa pamoja, yakinguruma, yakibeba majani na vyura waliokuwa hawajajipanga, na kutoka uvunguni ikasikika sauti ya kugugumia, nyumba nzima ikitoa pumzi. Nzembi aliangusha jembe akalia waziwazi. Alijua kwamba kuondoka kwa maji yale ndiko kuokoka kwake, na bado alilia. Caren, ambaye alikuwa ameyachukia maji maisha yake yote, hakumcheka. Alimshika mkono.

"Wacha iende," alisema. "Wacha tu."

Ndipo Mulinge alipotokea barabarani, ametoka kiwandani na vumbi la saruji mabegani, amebeba mfuko wake wa chakula. Aliona maji yakikimbia kutoka kwenye ploti. Mfuko ulikwenda huku, yeye akaja huku, mbio, mtu mzima ambaye hajawahi kukimbia hata mvua.

"Maji!" alipiga kelele. "Maji inatoroka! Nani amekata tuta?"

Akaruka mtaroni na viatu vyake, akapiga magoti kwenye lile pengo, akaanza kurundika mabonge ya udongo kwa mikono yote miwili. Yalipobebwa na maji alirundika mengine. Yalipokataa kukaa alilaza ubavu wake hapo akaziba kwa mwili.

Nzembi alimtazama mume wake. Alimtazama huyu mtu aliyetaka kung'oa mbao, amelala kwenye tope la Kitengela, amelikumbatia tuta, anahema, na kitu kikamfunguka kifuani. Hakuna mtu anayehangaika kuokoa maji kwenye ardhi anayotaka kuihama.

"Baba Evalyne," alimwita polepole. "Hiyo ndiyo ile maji ulisema itoke."

Mulinge alitulia. Alitazama nyumba, akatazama mikono yake, tope mpaka viwikoni.

"Najua," alisema. Kisha, kwa ukali wa mtu aliyeonewa: "Lakini hata kama! Si mngebakisha kidogo ya shamba?"

"Shamba gani?"

"Shamba yetu! Sukuma wiki tutanyunyizia nini kiangazi ikikuja?"

Kiangazi. Nzembi aliyahesabu moyoni yale yaliyokuwa kati ya siku ile na kiangazi, na Pasaka ilikuwa miongoni mwayo, naye Mulinge alikuwa ameiruka bila kuitaja. Akashuka mtaroni, akapiga magoti kando yake, akaishika mikono yake na kuiondoa kwenye tuta, kwanza mmoja, halafu wa pili, na maji yakaanza tena kwenda. Waliyatazama pamoja yakiteremka kwa Katoo, watu wawili wa Makueni wameshikana mikono kwenye tope, na hakuna aliyeona haya kwamba analia.